LSAT: itaje kasoro kabla ya kusoma majibu

Kwa mnaojiandaa na LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria Marekani na Kanada: tangu Agosti 2024 michezo ya mantiki (mafumbo ya kupanga vitu kwa masharti) imeondolewa, na sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa ni za kupima hoja. Maswali ya "hoja hii ina kasoro gani" hayakwepeki.

Ukimaliza kusoma hoja, usiyaangalie kwanza majibu matano. Tafuta hitimisho, tafuta sababu iliyotolewa, kisha jiambie kwa maneno yako mwandishi ameruka wapi. Mfano: "Wote waliofaulu walifanya mazoezi kila siku. Sara alifanya mazoezi kila siku, kwa hiyo amefaulu." Hapo sharti la lazima (bila hilo huwezi kufaulu) limegeuzwa kuwa sharti la kutosha (ukiwa nalo tu, umefaulu). Ukishalisema hilo, hata kichwani kwa Kiswahili cha kuungaunga, majibu mengi yanaanguka yenyewe.

Mtego ninaouchukia zaidi ni jibu linaloeleza kasoro inayojulikana kabisa, ila haimo kwenye hoja uliyopewa. Linasikika kisomi, nawe unalibeba. Likisema "anachukulia kwamba…", rudi kwenye maandishi uulize: amechukulia wapi? Neno moja tu likikosa pa kushika, futa jibu zima.

Taarifa za msingi, yaani sababu alizotoa mwandishi, zikubali hata zikiwa za ajabu. Kinachopimwa ni ule mruko tu. Ukikwama, bahatisha usonge mbele: jibu lisilo sahihi halikatwi alama, na dakika 35 za kila sehemu huisha haraka.