Atachimenti Nairobi Huku Masomo Yanaendelea: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Mwanafunzi anayeanza atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, katikati ya muhula hapa Nairobi huishi kwa ratiba tatu: ya chuo, ya ofisi na ya barabara. Hii ya tatu haijabandikwa ukutani popote, na ndiyo huwaangusha wengi.

Anza na ya chuo. Andika yuniti zako zote, kisha uzitie alama zile za maabara na zile ambazo mhadhiri hutoa majaribio bila kutangaza. Hizo hazina mjadala. Vyuo vingi havimruhusu kufanya mtihani mwanafunzi aliyehudhuria chini ya theluthi mbili ya vipindi. Kwa muhula wa wiki 14 wenye kipindi kimoja kila wiki, lazima uhudhurie 10, maana yake unaweza kukosa vinne tu. Usivitoe vyote kwa mwajiri, kwa sababu homa na mgomo wa matatu navyo vitataka sehemu yao. Thibitisha kiwango cha idara yako mapema.

Sasa barabara. Anayekaa Kahawa Sukari na kupangiwa ofisi Upper Hill atapanda gari hadi mjini, atembee hadi stejini, kisha atafute jingine. Ijaribu safari hiyo siku ya kazi: asubuhi kama mtu anayeripoti saa 2, na jioni kama anayetoka saa 11. Ukijaribu Jumapili hutajifunza lolote. Pia jihadhari na mpango wa nusu siku ofisini na nusu siku darasani. Kwenye karatasi unapendeza, lakini safari ya adhuhuri hula chakula chako cha mchana na nusu ya kipindi cha saa 8. Ni heri siku tatu kamili ofisini na mbili kamili chuoni, hata kama itabidi uombe kuhamia darasa la jioni au la Jumamosi.

Kisha pesa, kwa kuwa nafasi nyingi hazilipi chochote. Tuseme kwenda ni shilingi 150 kwa magari mawili na kurudi vivyo hivyo: hizo ni 300 kwa siku. Kwa siku tatu kwa wiki, wiki 12, unahitaji shilingi 10,800 za nauli pekee. Ongeza 150 za chakula cha kibandani kila siku ya kazi, jumla inafika 16,200. Weka akiba ya siku za mvua, maana nauli hupanda mawingu yakitanda tu. Usitegemee mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kwa gharama za kila siku: hauji kwa tarehe unayoitaka wewe.

Siku na saa mlizokubaliana ziandikwe, hata kwa barua pepe fupi, pamoja na wiki za mitihani. Aliyekuhoji mara nyingi siye atakayekusimamia, na msimamizi asiyejua makubaliano atakuona mtoro Alhamisi ya kwanza utakapokosa. Mtumie nakala kabla ya kuripoti.

Stakabadhi ni chache: barua ya chuo, kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru), na bima ya ajali pale inapodaiwa. Wengine hutaka cheti cha tabia njema, kinachoombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kuhitaji alama za vidole. Kiombe wiki kadhaa mapema.

Daftari la kumbukumbu za kazi zako lijazwe kila jioni na kutiwa sahihi kila Ijumaa, au siku yako ya mwisho ya wiki. Wanaongoja wiki ya 11 hukuta msimamizi yuko likizoni na wao wenyewe wamesahau walichofanya. Na usiandike “nilisaidia ofisini”. Andika kazi yenyewe: “nililinganisha stakabadhi 40 za mauzo na taarifa ya benki, nikapata tofauti tatu.” Sentensi kama hiyo inampa mhadhiri kitu cha kupimia, na baadaye unaihamishia kwenye wasifu wako bila kuibadilisha. Mhadhiri anayekuja kukukagua apewe siku zako za ofisini. Akija siku uliyo darasani, safari yake imepotea na alama zako ziko hatarini.

Kuhusu mbele, panga kwa tarehe. Mafunzo ya mwaka mmoja ya Tume ya Utumishi wa Umma ni ya waliohitimu, kwa hiyo yaweke baada ya mahafali, na mkopo wa HELB huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Barua ya mapendekezo iombe wiki mbili kabla ya kuondoka, ukiwa na orodha ya kazi tano ulizofanya ili anayeandika asibuni. Kazi unazotaka kuwaonyesha waajiri wengine zichukue kwa ruhusa tu, na majina na nambari za wateja zikiwa zimefutwa.