Mayonezi ya Kijapani: kuipiga na kuipikia

Siri yake ni kiini. Kewpie, chapa maarufu ya mayonezi hii, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1925, hupigwa kwa viini vitupu, si yai zima, pamoja na siki na MSG, yaani unga wa kukoleza ladha. Ndiyo maana ni ya manjano zaidi, nzito, na utamu wake hukawia ulimini.

Ukitaka kupiga yako, andaa viini 2 visivyo baridi, siki ya mchele kijiko 1 cha chakula, haradali kijiko 1 cha chai, chumvi na sukari nusu kijiko cha chai kila kimoja, MSG kidogo sana, na mililita 200 za mafuta yasiyo na harufu. Piga vyote isipokuwa mafuta mpaka vilainike. Mililita 50 za kwanza za mafuta zidondoshe tone kwa tone bila kuacha kupiga. Hapa ndipo wengi huharibu: mafuta yakiingia kwa pupa, hayawahi kusambaratika kuwa matone madogo, na mayonezi inakatika, yaani mafuta yanajitenga. Ikikatika usimwage. Weka kiini kingine kwenye bakuli safi, rudishia ile iliyokatika kijiko kimoja kimoja huku ukipiga. Ikishashikana, mafuta yaliyobaki yamimine kama uzi. Chora mstari kwa kijiko, usipojifunga, imeiva. Iweke kwenye friji na uimalize ndani ya siku 3. Kwa kuwa viini ni vibichi, wajawazito na watoto wadogo heri wapewe ya dukani.

Wengi huishia kuchovyea tu, na hapo wanajinyima. Mayonezi ni mafuta kwa sehemu kubwa, kwa hiyo inakaanga. Chukua gramu 400 za wali uliolala, changanya na kijiko 1 cha chakula cha mayonezi kabla haujagusa kikaango, kisha kaanga kwa moto mkali bila kuongeza mafuta. Kila punje inavikwa mafuta na yai, hivyo wali hautoki mabonge. Chumvi onja kwanza, maana mayonezi ina yake.

Saladi ya viazi ya Kijapani ina mtego mmoja. Viazi vipondwe vikiwa vya moto na vitiwe siki na chumvi hapo hapo, ila mayonezi isubiri vipoe hadi vuguvugu. Joto kali huikata na saladi inang'aa mafuta. Matango yakate membamba, yatie chumvi, yaache dakika 10, kisha yakamue kwa nguvu. Usipoyakamua, kesho utakuta maji chini ya bakuli.

Kwa sandwichi ya mayai, mayai 4 ya kuchemsha yanatoshwa na vijiko 3 vya chakula vya mayonezi. Kwenye okonomiyaki, chapati nene ya Kijapani yenye kabichi, ichirizie mwishoni, juu ya sosi, chakula kikishaepuliwa.

Chupa ya dukani iliyofunguliwa ikae mlangoni mwa friji. Ikiganda inakatika, na hata ukiitikisa hairudi.