Usimchome Sindano Ng'ombe Unayempeleka Pugu

Kila inapokaribia Idi ya kuchinja, na tena katika wiki za mwisho za Desemba, simu zinazotufikia kutoka kwa wafugaji wa Chanika, Kigamboni na Bunju hapa Dar es Salaam hufanana. Ng'ombe amevimba kwato au ameteguka mguu, mnunuzi amekwisha kupatikana, gari linakuja kesho alfajiri, na mfugaji anauliza ni sindano gani itakayomfanya mnyama asichechemee mpaka afike mnada wa Pugu. Sindano hiyo hatutakutajia. Dawa ya kutuliza maumivu na dawa ya kuua bakteria zinapoingia mwilini mwa mnyama, mnyama huyo si wa kuchinjwa tena kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, hata kama ameamka asubuhi akitembea kama ndama.

Sababu ya haraka hiyo tunaifahamu. Anayetafuta mnyama wa udhiya hamchukui aliye kiwete wa wazi, kwa kuwa hatafaa, na dalali wa mnadani humpunguzia bei mnyama yeyote anayeburuta mguu. Basi mguu unafichwa kwa dawa. Mnyama asiyesikia maumivu huukanyagia mguu ulioumia kwa uzito wake wote, akasukumwa na wenzake garini, na dawa inapoisha njiani huanguka. Aliyeanguka katikati ya gari lililojaa hainuki, hukanyagwa. Huo ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haimpi nafuu mwenye mali kwa kuwa amefanya hivyo apate bei nzuri.

Mwaka uliopita niliitwa katika machinjio mojawapo ya hapa jijini kutazama paja la fahali aliyechinjwa usiku huo. Mkaguzi alipopitisha kisu kwenye msuli, palionekana doa la rangi ya manjano iliyokolea, pana kama kiganja, na dawa yenyewe ikachuruzika juu ya kisu, ilhali mwenye mnyama alikuwa ameapa kwamba fahali huyo hajawahi kuugua. Nyama ya pale ilitupwa yote, na hiyo ndiyo sehemu ambayo mchinjaji hulipia bei ya juu.

Wanaodhani kwamba jambo hili ni ukali wa maofisa wa hapa watazame biashara ya nyama ya farasi huko Ulaya. Farasi wa mashindano na wa kupanda hupewa fenilbutazoni, dawa ya maumivu ya viungo ambayo zamani ilitumiwa sana hata kwa binadamu, ikaja kuwekewa mipaka kwa sababu inaweza, ingawa kwa nadra, kuharibu uboho unaotengeneza damu. Katika Umoja wa Ulaya, farasi aliyepewa dawa hiyo hata mara moja hachinjwi kwa ajili ya chakula maisha yake yote, na jambo hilo huandikwa katika pasipoti yake, kwa maana kila farasi kule ana pasipoti. Januari 2013 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ireland ilipotangaza kwamba nyama ya farasi imekutwa ndani ya baga zilizouzwa kama za ng'ombe, watu wengi walishtushwa na udanganyifu wa jina la nyama. Sisi tunaoshughulika na dawa tulishtushwa zaidi na kilichofuata: Uingereza ilipopima mizoga 206 ya farasi waliochinjwa nchini humo, 8 ilikutwa na fenilbutazoni. Pasipoti zilikuwapo na sheria ilikuwapo, lakini kuna mtu hakuandika, au aliandika kisha akauza. Zizi lisilo na daftari lolote haliwezi kufanya vizuri zaidi.

Hivyo uamuzi ufanyike kabla ya sindano. Mnyama akiumia na bado hajapewa dawa yoyote, una njia mbili. Ya kwanza ni kumwita daktari wa mifugo amwone siku hiyohiyo, na ikiwa ni mvunjiko au jeraha lisilo na homa, anaweza kuruhusu kuchinja kwa dharura mahali alipo au machinjio ya karibu, kwa masharti ya ukaguzi. Ya pili ni kumtibu mpaka apone na kungoja siku zote zilizoandikwa kwenye chupa. Njia ya tatu, ya kuchoma leo na kuuza kesho, ndiyo inayowafilisi, kwa sababu unalipa dawa, unalipa gari, kisha unapoteza paja au mzoga mzima. Mnyama asiyeweza kukanyagia miguu yote minne hapakiwi garini.

Ukichagua kutibu, pima uzito. Kukadiria kwa macho ni tabia mbaya, na wafugaji wenye uzoefu wa miaka 30 ndio wanaokosea zaidi, pengine kwa kuwa hakuna anayethubutu kuwabishia. Chukua utepe wa fundi cherehani, zungusha kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha kwa urefu, ugawe kwa 10,840. Ng'ombe mwenye mzingo wa sentimita 150 na urefu wa sentimita 130 ana takriban kilo 270. Oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, ya asilimia 20 hutolewa mililita 1 kwa kila kilo 10, kwa hiyo huyu anahitaji mililita 27. Juzi mfugaji mmoja alimpa mnyama wa kimo hicho mililita 40, zote mahali pamoja, pajani. Karatasi ya dawa hutaja kiasi cha juu kwa sehemu moja, ambacho kwa ng'ombe mkubwa mara nyingi ni kati ya mililita 10 na 20. Gawanya dozi, na uchome kwenye msuli wa shingo, kamwe si pajani wala kiunoni.

Kuhesabu siku ndiko kunakowashinda wengi, hata waliosoma. Siku za kungoja huanza baada ya sindano ya mwisho, na siku ya kuchoma ni sifuri. Tuseme umechoma tarehe 4 Machi, daktari akaagiza dozi ya pili baada ya saa 72, yaani tarehe 7 Machi, na chupa inasema siku 28 kwa nyama. Siku ya 28 ni tarehe 4 Aprili, na mnyama anaweza kuchinjwa kuanzia tarehe 5. Aliyehesabu kutoka sindano ya kwanza atamtoa tarehe 2, akiamini kwamba ametii sheria. Usichukue siku za dawa ya jirani: aivamektini, dawa ya minyoo, ya kampuni moja inaweza kuandikwa siku 28 na ya nyingine 49, na ukizidisha dozi, namba ya kwenye chupa haikulindi tena. Kuchemsha nyama sana, kama wengi wanavyojitetea, hakuondoi mabaki yote ya dawa.

Dawa za maumivu za binadamu kutoka duka la dawa mtaani, diklofenaki hasa, msizitumie kabisa kwa mifugo. Chupa hiyo haina siku za kungoja kwa sababu haikutengenezwa kwa ajili ya mnyama anayeliwa. Huko India, tai walikufa kwa wingi kwa kula mizoga ya ng'ombe waliopewa dawa hiyo, hata serikali ikapiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006.

Wenye punda wa mikokoteni wasitupigie kuuliza mnunuzi wa punda aliyeumia. Wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana Februari 2024 kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, baada ya mkutano uliofanyika hapahapa Dar es Salaam Desemba 2022. Punda huyo ni wa kutibiwa na kupumzishwa.

Daftari la zizi liwe na namba ya hereni ya mnyama, tarehe na saa ya kila sindano, jina la dawa na namba ya toleo, mililita, upande wa shingo, na tarehe ya kwanza anayoruhusiwa kuchinjwa, iliyoandikwa siku ileile ya kuchoma. Ukienda kuomba kibali cha kusafirisha mifugo, lije pamoja nawe. "Nilimchoma kama wiki mbili hivi" si kumbukumbu. Mnyama aliyetunzwa hivi hushuka garini kwa miguu yake na nyama yake hupita ukaguzi.

Mpake rangi mgongoni kila aliye katika siku za kungoja, ili kijana anayefungua zizi saa kumi alfajiri, wewe ukiwa umelala, asimpakie kwa bahati mbaya pamoja na wengine.