Somo: Kabla ya Kuhukumu, Tenganisha Tukio na Dhana

Wanachama wapenzi, tumezoea kuyatenga mambo mawili. Dhana mbaya juu ya wenzetu tunaihesabu kuwa ni tabia. Kujidharau na kukata tamaa tunakuhesabu kuwa ni huzuni. Mimi naona yote mawili ni kazi moja ya akili, nayo ni kukata hukumu kabla ushahidi haujafika. Hukumu hiyo ikimwangukia mwenzako huitwa upendeleo au ubaguzi. Ikikuangukia mwenyewe, unalala nayo na hakuna wa kukutetea. Kwa hivyo somo la leo linafaa kwa yote mawili, na vifaa vyake ni daftari na kalamu.

Tuchukue mfano mmoja twende nao. Umeomba kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Nyali, hapa Mombasa. Ulihojiwa, ukaambiwa utapigiwa simu. Wiki imepita, kimya. Uko ndani ya feri unarudi Likoni, na ghafla moyo unakuwa mzito.

Hatua ya kwanza: likamate wazo lenyewe

Moyo haukuwa mzito bure. Kuna sentensi imepita. Daktari Aaron Beck wa Philadelphia, Marekani, aliligundua hili kwa wagonjwa wake wa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, kuanzia miaka ya 1960. Pembeni mwa yale waliyomsimulia palikuwa na mawazo mafupi, ya haraka, yanayokuja bila kuitwa, nao wakiyaamini bila kuyahoji. Tiba aliyoijenga juu ya ugunduzi huo inatumika leo sehemu nyingi za dunia.

Basi hapo kwenye feri jiulize: nimejiambia nini sasa hivi? Andika vilevile, kwa lugha uliyojiambia, iwe Kimvita, Kigiriama au ya mtaani. Usiipambe. Huenda ukakuta sentensi mbili: "Hawa wa bara wakiona umetoka Likoni hawakuchukui." Na ya pili: "Mimi sikuumbiwa kufaulu." Ya kwanza inawahukumu wao, ya pili inakuhukumu wewe, na zote mbili zimezaliwa na simu isiyolia.

Hatua ya pili: piga mstari katikati ya ukurasa

Kushoto andika tukio, kulia andika dhana. Tukio ni lile ambalo mtu yeyote aliyekuwapo angelikubali, hata asiyekupenda. "Nilihojiwa Jumanne. Waliahidi kupiga simu. Hawajapiga." Basi. "Wamenidharau" ni dhana. "Wameshampa mtu wao" ni dhana pia, hata kama moyo unaapa kuwa ni kweli.

Waislamu wanaijua aya ya 12 ya Sura ya Al-Hujurat, inayotutaka tujiepushe na dhana nyingi kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Wakristo wana "msihukumu" katika Mathayo 7. Mimi nataka tulitumie onyo hilo hata kwa nafsi zetu, maana wengi wetu humtetea jirani aliyesingiziwa, lakini tukijisingizia wenyewe tunanyamaza.

Hatua ya tatu: tafuta kinachokupinga

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoliachia zoezi.

Mwaka 1960 mwanasaikolojia Peter Wason wa London alichapisha jaribio jepesi. Aliwapa watu namba tatu: 2, 4, 6, akawaambia zinafuata kanuni fulani. Kazi yao ilikuwa kutaja namba nyingine tatu tatu, waambiwe kama zinafuata kanuni au la, mpaka waitambue. Wengi walidhani ni namba zinazopanda mbili mbili, wakataja 8, 10, 12. Wakaambiwa ndiyo. Kila ndiyo ikawazidishia uhakika. Kumbe kanuni ilikuwa ni namba zozote zinazopanda, hata 1, 7, 50. Wangeligundua hilo lau wangetaja namba zinazokwenda kinyume na walivyodhani, lakini wengi walitaja zile tu za kuwaunga mkono.

Sasa tutazame hapa kwetu. Mtu anaamini wapwani ni wavivu. Akimwona kijana amelala chini ya mwembe saa nane mchana, anahesabu moja. Mabaharia, makuli wa Marikiti, mama wanaokaanga mahamri kabla ya adhana ya alfajiri, hao hawahesabu. Na mpwani anayeamini watu wa bara hawana utu hufanya hivyohivyo: aliyemdhulumu ni "wa bara", aliyemkopesha kodi ya nyumba ni "huyu ni tofauti na wenzake". Kwa hesabu ya namna hiyo hakuna dhana inayoweza kushindwa.

Lingine ni lile walilolieleza Daniel Kahneman na Amos Tversky miaka ya 1970: jambo linalokuja upesi akilini tunaliona kuwa ndilo linalotokea mara nyingi. Video moja ya wizi Kisauni ikizunguka WhatsApp usiku kucha, asubuhi kila kijana anayevuka daraja la Nyali anatazamwa mikono. Maelfu waliovuka kwenda kazini na kurudi salama hakuna aliyewapiga video. Kumbukumbu za aibu zako nazo ziko hivyo. Zinakuja upesi kwa sababu ziliuma, na wewe unadhani zinakuja upesi kwa sababu ni nyingi.

Rudi kwenye daftari. Chini ya kila dhana andika mambo yanayoipinga, hata kama ni madogo: nani wa Likoni unayemjua ameajiriwa Nyali? Je, mliohojiwa mlikuwa wengi? Ni lini uliwahi kufaulu, ukasahau kujihesabia?

Hatua ya nne: andika sentensi ya haki

Sikuambii ujidanganye kuwa kazi umeipata. Andika kile ambacho ushahidi wa pande zote mbili unakibeba: "Sijui kwa nini hawajapiga. Nilijibu vizuri maswali mengi, moja lilinishinda. Naweza kuuliza."

Hatua ya tano: ijaribu kwa kitendo

Andika unachotabiri kitatokea, halafu piga simu hotelini uulize kwa adabu. Jibu lolote utakalopata, liandike kando ya utabiri. Baada ya kurasa kadhaa utauona mtindo wa akili yako: inapenda kukosea upande gani.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi namshukuru Mungu sina upendeleo na mtu. Nimelelewa Majengo pamoja na watu wa kila kabila. Je, zoezi hili linanihusu?*

Linakuhusu, ndugu yangu, na nakwambia kwa mapenzi. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mwaka 2002 Emily Pronin na wenzake walichapisha utafiti Marekani: washiriki walikiri kwamba watu kwa jumla wana mielemeo hii, ila kwa kawaida walijiona wao wana nafuu kuliko wengine. Kulelewa na watu wengi ni neema, lakini hakukupi macho ya kuiona dhana yako inapozaliwa. Anza na kundi ambalo hukukua nalo.

*Kwani haitoshi kujiambia tu "niwe mwadilifu"?*

Haitoshi, na hili lilipimwa. Mwaka 1984 Charles Lord, Mark Lepper na Elizabeth Preston waliwapa watu ushahidi juu ya jambo ambalo tayari walikuwa na msimamo nalo. Walioambiwa wawe waadilifu hawakusaidika. Walioambiwa wajiulize "je, ningeupima utafiti huu hivihivi kama matokeo yake yangekuwa kinyume?" walipunguza upendeleo. Kwa hiyo liulize swali hilo kwa majina: angelikuwa ni mtoto wa dada yangu aliyefanya vile, ningesemaje?

*Asalaam aleikum mwalimu. Mwanangu kaambiwa uso kwa uso kuwa watu wa mtaa wetu hawaajiriwi pale. Somo hili halituambii tuvumilie dhuluma?*

Wa aleikum salaam, mama yangu. La, hata kidogo. Kutenganisha tukio na dhana hakumaanishi kila uchungu ni dhana. Aliyoambiwa mwanao yanakaa upande wa kushoto wa ukurasa. Andikeni maneno yenyewe, tarehe, mahali na waliokuwapo. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza ubaguzi, ukiwemo wa kabila na wa asili ya kijamii. Malalamiko ya kazi yapelekeni ofisi ya leba. Yakigusa kabila, iko Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2008. Na ukurasa wa kulia muutazame pia, kwa ajili ya kijana mwenyewe: asije akatoka pale akiamini kwamba yeye ndiye mwenye kasoro.

*Kaka, nikiyafukuza mawazo mabaya usiku ndiyo yanazidi. Nifanyeje?*

Usiyafukuze. Daniel Wegner na wenzake mwaka 1987 waliwataka watu wasimfikirie dubu mweupe, wakashindwa. Na walipoachiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria kuliko wale ambao hawakukatazwa mwanzoni. Andika wazo kwa mstari mmoja, ulipe miadi ya kesho saa kumi jioni, kisha fanya nyiradi au sala zako kama kawaida. Miadi hiyo uitimize kweli, vinginevyo wazo halitakuamini tena.

*Dada yangu amekaa karibu mwezi ndani, hali, halali, anasema yeye ni mzigo kwetu. Wengine nyumbani wanasema ni jini, apelekwe kwa mwalimu akasomewe. Nimpe daftari?*

Pole sana. Daftari lingoje. Huzuni ya takriban kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na kukosa usingizi na hamu ya kula, inahitaji mtu aliyesomea tiba. Kusomewa sikukatazi; dua na dawa vinakaa pamoja. Mpelekeni kituo cha afya cha serikali kilicho karibu, au moja kwa moja hospitali ya Port Reitz kule Changamwe, ambako kuna huduma za afya ya akili. Msimwambie "acha kufikiria hivyo" wala "wenzako wana shida zaidi". Muulize waziwazi kama anawaza kufa. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, ondoeni dawa na sumu za panya nyumbani, mmoja wenu alale naye chumba kimoja, na asubuhi asipelekwe kwingine kabla ya hospitali. Akisema ana mpango wa kujidhuru, msingoje asubuhi.