Kupima hewa ukaa inayotoka ardhini Rungwe

Chini ya migomba na chai ya Rungwe, hewa ukaa ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, hupanda kupitia nyufa za Bonde la Ufa. Huko Kyejo, mlima uliotoa lava mara ya mwisho karibu mwaka 1800, inavunwa hata kwa ajili ya viwanda vya soda. Lakini mizizi na vijidudu nao hutoa hewa hiyohiyo, na hapo ndipo vipimo vingi huharibika.

Hatua ya 1: Anza na wazee. Waulize ni mashimo gani mifugo haipelekwi, na wapi huokotwa ndege waliokufa. Hewa ukaa haina harufu, ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, na alfajiri isiyo na upepo hutuama bondeni. Usiende peke yako. Usiiname shimoni kabla ya kushusha kipimo kwa kamba. Kikisoma asilimia 3, ondokeni. Kwenye asilimia 10 mtu huzimia ndani ya dakika chache. Nakusihi, hatua hii usiiruke hata kama jua linazama.

Hatua ya 2: Pima kiangazi, Juni hadi Oktoba. Udongo ulioloa huziba njia za gesi.

Hatua ya 3: Fyeka majani, kandamiza chemba (chombo kilicho wazi chini, chenye kipimo cha hewa ukaa) isivuje pembeni, kisha andika namba kila sekunde 10 kwa dakika mbili. Utaanzia karibu sehemu 420 kwa milioni. Ukichora namba hizo na mstari ukipinda, inua chemba, ipunge hewa, rudia.

Hatua ya 4: Hesabu. Tuseme chemba ina kimo cha sentimita 10 na namba inapanda sehemu 2 kwa milioni kila sekunde. Kwa Tukuyu, mita kama 1,500 juu ya bahari, hiyo ni takriban gramu 26 kwa mita ya mraba kwa siku. Ukitumia kanieneo ya hewa ya Dar es Salaam, usawa wa bahari, utapata 31, gramu tano za uongo.

Hatua ya 5: Ni ya mlima au ya shamba? Gramu 26 zinaweza kutoka kwenye mizizi tu. Pima kwa mstari unaokatisha ufa, kisha mbali nao, na upeleke sampuli maabara wakapime isotopu za kaboni, yaani uwiano wa kaboni nzito na nyepesi. Kwa kipimo chao cha sehemu kwa elfu, ya magma huwa kati ya −4 na −8. Ya migomba na chai karibu −25. Mahindi ndiyo mtihani: kaboni yake ni karibu −12, na ikichanganyika kidogo tu na hewa ya kawaida utadhani umepata volkeno. Shamba la mahindi mimi hulizunguka, hata likiwa juu ya ufa wenyewe.