Kupima mawingu ukiwa chini halafu kulinganisha na setilaiti

Kwanza muda. Watu wanaangalia mawingu saa saba mchana halafu wanafungua picha ya saa tisa, wanaanza kulalamika setilaiti inadanganya, jamani wingu la mchana linazaliwa na kufa ndani ya nusu saa! Usipishane na picha zaidi ya dakika 15, na picha nyingi zinaandikwa saa za UTC (saa moja ya pamoja ya dunia nzima) sio za kwenu. Meteosat, setilaiti ya hali ya hewa inayobaki juu ya sehemu ileile, inapiga kila dakika 10 au 15 kwahiyo hukosi, setilaiti za Terra na Aqua ndo zinapita tu zikaenda, hizo mpaka uangalie ratiba.

Toka nje sehemu ya wazi. Gawa anga mafungu 8, kadiria mangapi yamefunikwa (jua usilikodolee macho). Mawingu ya kule mbali upeoni usiyategemee, unayaona ubavuni so yanaonekana yamebanana kumbe katikati kuna nafasi kibao, hapo ndo macho huzidisha.

Sasa kitako cha wingu. Kama ni yale mafungu meupe ya mchana yanayopandishwa na joto la ardhi, chukua joto la hewa, toa kiwango cha umande (joto ambalo hewa ikipoa mpaka hapo umande unaanza kutokea), zidisha mara mita 125. Hewa nyuzi 30, umande 22, tofauti 8, kitako kipo mita 1,000 hivi. Kwa mawingu mengine hesabu hii achana nayo. Wenye vifaa wanatumia silomita, inarusha leza juu na kupima inachukua muda gani kurudi.

Kichwa chake ukiwa chini hukioni, hiyo kazi ya setilaiti. Inasoma joto la juu ya wingu: ikisoma -40 na chini ni 30, tofauti 70, hewa inapoa kama nyuzi 6.5 kila kilomita, basi kichwa kipo karibu kilomita 11. Unganisha na kitako chako, wingu lina unene wa kama kilomita 10, hilo lina radi, ingia ndani kwanza namba utaandika baadaye.

Mtakapogombana wewe na setilaiti: utando mwembamba wa juu unapitisha joto la chini so setilaiti inaweza kuuona uko chini kuliko ulipo au isiuone kabisa, na vipande vidogo kuliko pikseli (nukta moja ya picha), ambayo kwenye Meteosat za zamani ni kama kilomita 3, vinapotea au vinaonekana vimejaza pikseli nzima. Yakiwa matabaka mawili, wewe unaona la chini, setilaiti inaona la juu. Andika zote mbili, usibadilishe namba yako ifanane na picha.