Somo: Biskuti ipi ina nafuu kwa mwili?

Assalaam alaykum nyote. Swali hili nimeulizwa sana na kinamama wanaofungia watoto vitafunio vya shule, na pia na wale wenye wazee wa kisukari nyumbani, nikaona heri nilijibu kwa kirefu. Biskuti zinatofautiana, tena zinatofautiana sana. Ila tofauti yenyewe haipo mbele ya pakiti, penye picha ya suke la ngano au mtoto mwenye misuli. Ipo nyuma, kwenye maandishi madogo. Mimi nauza duka hapa Langoni, mjini Lamu, pakiti ziko mbele yangu kutwa, na naona watu wanavyochagua kwa rangi ya karatasi. Kama una pakiti nyumbani, ichukue tuisome pamoja.

Jambo moja kabla ya kuanza. Biskuti yoyote ni unga, sukari na mafuta. Hata iliyo afadhali ni kitu cha kuburudisha kinywa, haichukui nafasi ya ndizi, yai au kipande cha muhogo. Tunatafuta iliyo na madhara machache zaidi kati ya zile ambazo watu watazila vyovyote vile.

Hatua ya 1: Soma viambato kwa mpangilio wake

Viambato huandikwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Cha kwanza karibu kila mara ni unga wa ngano. Tazama cha pili. Kama ni sukari, umeshapata picha.

Kuwa macho, maana sukari huja kwa majina mengi katika pakiti moja: shira ya glukosi, dekstrosi, maltosi, fruktosi, asali. Yakigawanywa hivyo, kila moja huonekana kidogo na kushuka chini ya orodha, lakini mwilini yote hayo ni sukari. Ukiona matatu au manne kwa pamoja, yahesabu kama kitu kimoja.

Ukikuta neno “hydrogenated” karibu na mafuta, rudisha pakiti rafuni. Hayo ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani, na yanapogandishwa nusunusu hutoa aina ya mafuta ambayo ni adui mkubwa wa moyo. Shirika la Afya Duniani liliyataka mataifa yote kuyaondoa kwenye vyakula, na mwaka 2018 likaweka lengo la kulimaliza jambo hilo ifikapo 2023. Hapa sina cha kupima wala kulinganisha: usinunue.

Hatua ya 2: Tafuta sukari katika gramu 100

Jedwali la lishe huwa na safu mbili, moja ya “kipimo kimoja cha kula” na nyingine ya gramu 100. Achana na ile ya kwanza. Kampuni moja itasema kipimo ni biskuti mbili, nyingine itasema nne, na hutaweza kulinganisha. Gramu 100 ni gramu 100 kwa kila pakiti.

Uingereza wana mizani nyepesi ninayoipenda: sukari ikizidi gramu 22.5 katika gramu 100 ni nyingi, ikiwa 5 au chini ni kidogo. Biskuti tamu ya kidogo namna hiyo ni nadra, kwa hiyo usiitafute hadi ukate tamaa. Iliyo kati ya 15 na 20 ni ya kukubalika. Za krimu na za chokoleti hupita 30 bila shida.

Hatua ya 3: Mafuta, hasa yale yanayoganda

Kwa mizani hiyohiyo, mafuta yote yakizidi gramu 17.5 katika gramu 100 ni mengi, na mafuta yanayoganda, yale ya mstari wa “saturated”, yakizidi gramu 5 ni mengi. Biskuti nyingi za dukani hutumia mafuta ya mawese, na karibu nusu ya mafuta ya mawese ni haya yanayoganda. Za siagi hazina nafuu. Biskuti ya siagi ile inayomomonyoka mdomoni inaweza kuwa na mafuta karibu theluthi ya uzito wake, na ndiyo sababu inamomonyoka.

Hatua ya 4: Nyuzinyuzi

Gramu 3 katika gramu 100 ni mwanzo mzuri, 6 na zaidi ni nyingi. Rangi ya kahawia isikudanganye, kwani shira na sukari iliyoungua hutoa rangi hiyohiyo. Tafuta unga wa ngano nzima au shayiri ndani ya viambato, na uangalie umekaa nafasi ya ngapi.

Hatua ya 5: Hesabu zilizo kwenye sahani, pamoja na chai

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo watu hupasahau. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Biskuti moja ya krimu ya gramu 12 hivi, yenye sukari gramu 33 katika 100, inakupa gramu 4, yaani kijiko kizima. Sasa tuseme ni saa kumi jioni, umekaa barazani, chai imemiminwa. Umetia vijiko viwili kikombeni. Umekula biskuti nne. Vijiko viwili na vinne ni sita, gramu 24.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilisema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25. Umeimaliza kwa kikombe kimoja, na usiku bado, na pengine asubuhi ulikula mahamri.

Badilisha mambo mawili tu. Chukua biskuti nne za Marie, zile nyembamba za duara, zenye sukari kama gramu 20 katika 100. Moja ina uzito wa gramu 6 hivi. Nne zinakupa gramu 5 hivi za sukari. Chai inywe ya tangawizi na iliki bila sukari, utamu uutoe kwenye biskuti. Umetoka gramu 24 hadi 5, na bado umekaa barazani na umetafuna.

Kwa hiyo uzito wa biskuti moja nao unasema mengi. Nyembamba nne si sawa na nene nne. Toa idadi unayotaka, weka sahanini, kisha funga pakiti uirudishe kabatini. Anayekula kutoka kwenye pakiti iliyo wazi hajui amekula ngapi.

Hatua ya 6: Hifadhi

Hewa yetu ya bahari hulainisha biskuti upesi. Tia kwenye mkebe unaofunga vizuri. Ikiwa na harufu ya mafuta ya zamani, tupa hata kama tarehe haijafika.

Zile mnazoniuliza kwa majina

Dijestivu (“digestive”, yaani ya kusaidia kusaga chakula) inaheshimiwa kupita kiasi. Watu huinunua kama dawa ya tumbo. Ile maarufu ya kampuni ya McVitie's ilitungwa mwaka 1892 na Alexander Grant, wakati watu waliamini soda ya kupikia iliyomo husaidia kusaga chakula. Soda hiyo kazi yake huishia kwenye joko. Sukari yake kwa kawaida ni ya wastani, 15 hadi 17 katika gramu 100, na ina nyuzinyuzi kidogo. Hayo ni mazuri yake. Lakini mafuta hufika gramu 20 na zaidi, na ni nene: moja yaweza kufika gramu 15. Ile iliyopakwa chokoleti upande mmoja imeshapoteza hata hiyo nafuu ya sukari.

Marie ilianza London mwaka 1874, kwa harusi ya binti wa mfalme wa Urusi na mtoto wa malkia wa Uingereza. Haina nyuzinyuzi za maana, ila mafuta yake ni machache na ni nyepesi. Kwa kunywea chai, mimi naichagua hii.

Biskuti ya glukosi ndiyo inayoniuma moyo, kwa sababu mama mwenye fedha kidogo huinunua akidhani anampa mtoto nguvu za pekee. Glukosi ni sukari. Sehemu kubwa ya utamu wa biskuti hiyo ni sukari ya kawaida, na nguvu yake haina upekee wowote: mtoto ataipata pia kwenye kiazi kitamu, na kile cha rangi ya chungwa kina nyuzinyuzi na vitamini A juu yake. Na kuhusu vitamini zilizoandikwa kwenye pakiti, tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano wa pakiti uongezwe madini ya chuma, zinki na vitamini. Chapati ya nyumbani nayo inazo.

Biskuti za tangawizi zina ladha ya dawa, lakini nyingi zina sukari zaidi ya gramu 30 katika 100. Tangawizi ipate kwenye chai.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Shela: Dada, mimi napika nankhatai za samli nyumbani. Si afadhali kuliko za dukani, maadamu hazina dawa za kuhifadhi?

Dada yangu, kwa usafi na ladha za nyumbani zinashinda. Kwa mafuta na sukari, ni unachotia wewe, na mapishi mengi ya nankhatai hutia samli ya kutosha kweli. Samli zaidi ya nusu yake ni mafuta yanayoganda. Punguza sukari robo nzima, hakuna atakayelalamika, ila jua zitatanuka kidogo tu na rangi itachelewa kuiva. Badilisha sehemu ya unga kwa atta (unga wa ngano nzima), tia ufuta au korosho zilizopondwa. Na zikate ndogo. Udogo ndio utakaokusaidia kuliko yote hayo, maana mgeni huchukua mbili, ziwe kubwa au ndogo.

Kutoka Mkomani: Mwanangu, mimi nina kisukari. Nimeletewa kutoka Mombasa biskuti zisizo na sukari. Hizo nile tu bila hesabu?

Hapana, ami. Sukari imetolewa, unga umebaki, na unga wa ngano ukifika tumboni hugeuka glukosi. Soma mstari wa kabohaidreti yote, usisome wa sukari peke yake. Mara nyingi zimetiwa maltitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, ambayo nayo hupandisha sukari ya damu, japo kwa kiasi kidogo zaidi, na ukila nyingi tumbo litaendesha. Moja au mbili pamoja na chakula, kisha upime uone mwili wako unavyojibu, na umwonyeshe daktari wako wa kliniki namba hizo.

Kutoka Mokowe: Shangazi, babu anadungwa insulini. Juzi alitokwa na jasho na kutetemeka, tukampa biskuti. Tulifanya sawa?

Mwanangu, wazo la kumpa kitu kitamu lilikuwa sawa, lakini biskuti huchelewa, kwa sababu mafuta na unga huzuia sukari kuingia damuni haraka. Mpe kwanza sukari ya kunywa: gramu 15, yaani vijiko vitatu hadi vinne vya chai, katika maji, au soda ya kawaida nusu glasi ya kutosha. Subiri dakika 15, mpime tena. Kama bado iko chini, rudia. Akishatulia ndipo mpe biskuti au mkate, ili isishuke tena. Akiwa hajitambui, usimtie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na kliniki waambieni lilitokea, huenda kipimo cha dawa kinataka kurekebishwa.

Kutoka Matondoni: Mtoto wangu ana miezi minane. Mama mkwe humlowekea biskuti kwenye chai ya maziwa, na anapenda sana. Nitasemaje bila kumuudhi?

Pole, dada, jambo hili linahitaji ulimi laini. Mwambie mmeshauriwa kliniki, maana ni kweli: Shirika la Afya Duniani linasema watoto wa miezi 6 hadi 23 wasipewe vyakula vyenye sukari nyingi. Na chai ndiyo mbaya zaidi kuliko biskuti, kwa sababu huzuia mwili kuchukua madini ya chuma, na umri huo ndio mtoto anayahitaji kwa damu. Mpe mama mkwe kazi nyingine ya kumlisha mjukuu: ndizi iliyopondwa, kiazi kitamu, samaki aliyetolewa miiba vizuri, kiini cha yai kilichoiva. Anachopenda bibi ni kumlisha kwa mkono wake, chakula chenyewe mtakubaliana.

Kutoka Faza: Mimi nina presha, biskuti tamu sili. Nala za chumvi. Niko salama?

Si lazima, ndugu yangu. Tazama chumvi kwa gramu 100. Ikizidi gramu 1.5 ni nyingi, na biskuti nyingi za chumvi hupita hapo. Pakiti ikiandika sodiamu badala ya chumvi, zidisha mara 2.5: sodiamu gramu 0.8 ni chumvi gramu 2. Hata za tamu zina chumvi, ila kidogo.

Kutoka Langoni: Dada, wanangu hula biskuti moja moja kutwa nzima. Jumla si nyingi. Kuna ubaya?

Kwa meno upo. Biskuti hunata kwenye mashimo ya magego, bakteria huila na kutoa asidi, na kila wanapotafuna upya asidi huanza upya. Tano kwa mkupuo mmoja baada ya chakula cha mchana zina nafuu kwa meno kuliko tano zilizotawanywa kutwa. Baada yake wanywe maji, na usiku wapige mswaki kwa dawa yenye floraidi. Katikati ya siku wakilia njaa, wape njugu, embe au kipande cha nazi. Walio chini ya miaka mitano njugu zipondwe kwanza, wasije wakapaliwa.